Mstari umejaa, picha ziko wapi?

Mama mmoja mwenye nyumba ya wageni Shela, kisiwani Lamu, alinipigia simu usiku. "Mwanangu, mstari umejaa zamani, picha ziko wapi?" Alikuwa akipakia picha 12 za vyumba vyake kwenye tovuti niliyomtengenezea, na mstari ni ule unaoonyesha kiasi kilichokwisha kupakiwa. Alipoona asilimia 100 akafunga ukurasa, na seva haikupata hata picha moja. Kosa lilikuwa langu.

Fikiria jeti ya Mokowe, gati la upande wa bara. Magunia yanashushwa kwenye lori, yanapakiwa mashuani, ndipo yanavuka kuja Amu (Lamu). Anayehesabu pale Mokowe husema "yote 40 yameingia" chombo kikiwa bado kimefungwa kamba. Hesabu yake ni sahihi, lakini huku kisiwani hakuna aliyepokea kitu. Tukio la progress, yaani taarifa ya maendeleo ambayo kivinjari huupa msimbo wa ukurasa, upande wa kupakia ni mhesabu huyo wa Mokowe: kivinjari kinahesabu baiti zilizotoka mikononi mwake, na nyingine huwa bado zimo ndani ya simu zikisubiri mtandao. Ndiyo maana picha ndogo huruka hadi 100 papo hapo, kisha kimya.

XMLHttpRequest (kwa kifupi xhr), chombo cha JavaScript cha kutuma data kwa seva, ina matukio ya pande mbili. Yaliyo kwenye xhr.upload ni ya mzigo unaotoka, na load yake husema tu kwamba wote umeshatumwa. Load ya xhr yenyewe huja jibu la seva likishaingia, na hata hapo lazima usome status (namba ya matokeo inayorudishwa na seva), maana seva iliyokataa faili nayo imejibu. Mimi nilisikiliza ile ya kwanza nikaandika "Tayari".

Wapo wanaouzuia mstari kwenye 99 hadi jibu lije. Sikubaliani nao: hiyo ni namba ya kubuni. Mzigo ukishatoka, mimi huondoa value (thamani) kwenye elementi ya progress, yaani mstari wenyewe, ili ionyeshe kazi isiyo na kipimo, na maneno yanabadilika.

Mengine ni madogo ila huuma. Weka visikilizaji vya matukio kabla ya kuita send, amri ya kutuma. Angalia lengthComputable (je, jumla inajulikana?) kabla ya kugawanya loaded (baiti zilizotumwa) kwa total (jumla), kwani total yaweza kuwa sifuri. Ukituma kwa FormData, kifurushi cha data za fomu, total huzidi ukubwa wa faili kidogo, kwa hiyo usichanganye namba hizo mbili. Tukio la progress huja kila milisekunde 50 hivi. Asiyeona, anayetegemea kisoma skrini, asisomewe kila moja. Robo kwa robo inatosha. Na mtandao ukikatika, orodha ya picha ibaki ukurasani pamoja na kitufe cha kutuma tena.

Juzi mama alipakia tena, nami nikiwa kwenye simu. Mstari ukajaa. Akanisomea: "Zimetumwa. Tunasubiri seva izipokee, usifunge ukurasa." Tukanyamaza wote wawili. Nikasikia feni ya chumbani kwake.

"Zimepokelewa 12," akasema.