Kabla ya Yeremia 29:11 kuna mstari wa 10

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Kuna mstari kila mtu anaupost status akiwa anasubiri jambo kwa Mungu, Yeremia 29:11, ule wa "nayajua mawazo ninayowawazia ninyi". Nafundisha Agano la Kale na kiukweli sijawahi kuona mtu kaupost na wa 10 juu yake. Usome tu utaelewa kwa nini. Unasema mpaka Babeli itimiziwe miaka 70 ndo Mungu awarudishe kwao Wayahudi waliochukuliwa mateka kule.

Miaka 70 jamani! Sura ya 29 ni barua Yeremia aliyowaandikia hao mateka, na mtu mwenye miaka 40 akisomewa ile barua pale Babeli anajua kabisa yeye harudi, wajukuu ndo watarudi.

Na hiyo barua haikutoka hewani. Rudi sura ya 28, kuna nabii anaitwa Hanania kasimama hekaluni anasema ndani ya miaka 2 tu vyombo vya hekalu vinarudi na Yekonia mfalme wa Yuda anarudi na mateka wote, Yeremia alikuwa amevaa nira ya mti shingoni kama ishara ya kuitumikia Babeli, Hanania akaichukua akaivunja mbele ya watu, na nina uhakika watu walifurahi sana maana nani hataki miaka 2 badala ya 70? Hata Yeremia mwenyewe alijibu Amina, Bwana na afanye hivyo (hapo huwa nampenda sana, hakufurahia watu wateseke). Ila halikuwa neno la Mungu, na Hanania akafa mwaka uleule.

Mi nimekaa na watu wengi walioumizwa na kina Hanania. Dada mmoja alitabiriwa miezi mitatu atakuwa ameolewa, akaacha kozi aliyokuwa anasoma ili ajiandae, leo ni mwaka wa sita na kinachomuuma zaidi ni ile kozi. Yaani tarehe ya uongo haikupotezei imani tu, inakula na muda wenyewe.

Sasa angalia Mungu anawaambia wafanye nini kwenye kusubiri, mstari wa 5 mpaka 7: jengeni nyumba mkae, pandeni bustani mle matunda yake, oeni, ozesheni watoto, uombeeni amani mji mliochukuliwa mateka. Uombeeni Babeli! Mji wa waliowateka! Kwa hiyo mtu akija kwangu ananiambia mwalimu namngoja Bwana, swali langu la kwanza ni umejenga nini hapo ulipo, maana kuna watu hawanunui hata kitanda kizuri eti mpaka waolewe, wamesimamisha maisha alafu wanaita imani.

Kuna wanaosema kama muda umeshapangwa, kuomba kwa nini? Danieli 9 inajibu. Danieli alichukuliwa mateka Babeli akiwa kijana, sasa ni mzee, anasoma maandiko ya Yeremia anagundua ile miaka 70 iko karibu kuisha. Hakukaa kuhesabu siku, alivaa magunia akafunga na kuomba na kutubu kwa ajili ya taifa lake.

Na Yeremia mwenyewe? Sura ya 32. Jeshi la Babeli limeuzunguka Yerusalemu, yeye kafungwa kwenye uwanda wa walinzi, alafu Mungu anamwambia nunua shamba la binamu yako Hanameli kule Anathothi. Akapima shekeli 17 za fedha, mashahidi wakatia sahihi, hati zikawekwa kwenye chombo cha udongo zikae siku nyingi. Alipomaliza kila kitu ndo akaingia kwenye maombi, na ukiyasoma mpaka mwisho utaona anachosema, yaani Bwana, mji umeshatiwa mikononi mwa Wakaldayo (ndo hao Wababeli) na wewe unaniambia ninunue shamba? Hela ilikuwa imeshatoka.