Folda ni yako, lakini Windows haikutambui

Wiki iliyopita katibu wa chama cha msingi cha wakulima wa kakao alipanda Coaster kutoka Kyela mpaka kwangu Mwanjelwa. Kompyuta yao ya zamani ilikufa, ila diski ikapona, naye akaichomeka kwenye kompyuta mpya. Hesabu za mizani zilikuwa zinafunguka vizuri, ila kila akitaka kuhifadhi anaambiwa hana ruhusa.

“Fundi, jina nimeweka lilelile, nenosiri lilelile. Mbona inanikatalia?”

Nilibofya folda kwa kitufe cha kulia, nikaingia Properties, kisha Security. Kwenye orodha ya wenye ruhusa, mahali pa jina palikuwa na alama ya kuuliza na tarakimu ndefu zinazoanza na S-1-5-21. Nikamwonyesha: “Huyu ni wewe wa zamani, mama.”

Windows haishiki jina. Akaunti ikifunguliwa hupewa namba yake, na ruhusa za folda huandikwa kwa namba hiyo. Kompyuta mpya ilimpa namba nyingine, kwa hiyo kwa folda ile yeye ni mgeni.

Dawa yake ni hatua mbili, na wengi huishia ya kwanza. Bofya Advanced, kwenye Owner chagua Change, andika jina la akaunti yako, weka tiki kwenye Replace owner on subcontainers and objects ili umiliki ushuke mpaka mafaili ya ndani, ukubali. Lakini umiliki pekee hauandiki kitu. Unakupa haki ya kugawa ruhusa tu. Rudi Security, bofya Edit, ongeza jina lako, kisha liwekee tiki kwenye Modify. Utahitaji akaunti ya msimamizi.

Usihangaike na kile kiboksi cha Read-only. Ukikitoa kinarudi, na kwenye folda hakizuii kuandika ndani yake.

Ninachowaomba sana: msimpe Everyone ruhusa ya Full control ili yaishe haraka. Hesabu za wakulima zikifunguliwa hivyo, yeyote anayekaa kwenye kompyuta ile anaweza kuzifuta, na kilo za mtu zikapotea.

Kama ruhusa zote ziko sawa na bado inakataa, fungua Windows Security, tafuta Controlled folder access. Ikiwa imewashwa, huzuia programu isiyoiamini kuandika kwenye folda kama Documents. Iruhusu programu yako humo. Ulinzi wenyewe uache umewaka.