Kifungo cha nje kwa wanawake Uganda: yasemwayo na yaliyo kweli

"Hakimu kamwachia tu kwa sababu ni mwanamke." Hivyo ndivyo watu husema wakimwona mama aliyepatikana na hatia akifagia uwanja wa zahanati badala ya kwenda jela. Hajaachiwa, amehukumiwa kifungo cha nje, yaani kuitumikia jamii badala ya kukaa jela. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2000 inaruhusu adhabu hiyo kwa kosa ambalo kifungo chake hakizidi miaka 2, awe mkosaji mwanamume au mwanamke. Mahakama humuuliza kwanza kama anakubali. Kazi haina ujira, haizidi saa 8 kwa siku wala miezi 6, na ina msimamizi. Akitoroka, hurudishwa mbele ya hakimu. Jioni, lakini, anapika kwake na watoto wanalala na mama yao.

Wapo wanaoamini kwamba jela humfunga mama peke yake. Sheria ya Magereza ya 2006 inamruhusu mtoto mchanga kukaa gerezani na mamake hadi afike miezi 18. Baada ya hapo hukabidhiwa jamaa au marafiki walio tayari kumlea, na wasipopatikana, huingia mikononi mwa ustawi wa jamii. Mtoto huyo hajamkosea mtu yeyote, na kwangu mimi hiyo peke yake ni sababu ya kutosha ya kumpa mama kifungo cha nje kosa linapokuwa dogo.

Tena si kila mwanamke aliye katika gereza la Luzira, Kampala, amehukumiwa. Wengine ni mahabusu wanaosubiri kesi, na Katiba inawahesabu hawana hatia.

Linaloniuma zaidi ni lile la "aliyeonja jela habadiliki." Susan Kigula alihukumiwa kifo mwaka 2002. Akiwa Luzira alisomea sheria kwa masafa, na kesi inayobeba jina lake ndiyo iliyofanya Mahakama ya Juu, mwaka 2009, ikubali kwamba hukumu ya kifo ya lazima inavunja Katiba. Alitoka mwaka 2016.

Walio wengi hawana msaada kama aliopata yeye. Mafunzo ya cherehani ya gerezani ni mazuri, ila anayerudi akute mume kaoa na chumba kina mpangaji mwingine ataiweka wapi hiyo cherehani? Kupanga chumba au kuomba mkopo mara nyingi huhitaji barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa. Ndiyo maana afisa wa ustawi anapaswa kuzungumza na mwenyekiti, familia na mlalamikaji kabla mama hajatoka, si baada ya majirani kumfungia mlango.