Kwa nini kokoto ya kweli huonekana bandia chini ya kisanamu cha mchezo?

Wanaocheza michezo ya vita ya mezani hapa Nairobi, ile ya kusogeza visanamu vya askari na mazimwi huku dadu zikirushwa, wengi huanza na wazo lilelile: kitako cha kisanamu kinataka mawe, na mawe yako tele nje ya geti. Mtu huokota vijiwe viwili vitatu, anavibandika kwa gundi, kisha anarudi nyuma atazame. Badala ya shujaa aliyepanda mwamba, anaona mdoli uliogandishwa kwenye kokoto. Mwenzake amepaka rangi kipande cha ganda la msonobari, na kila anayepita anaamini ni mwamba. Inakuwaje jiwe lishindwe kufanana na jiwe?

Tuanze na hesabu. Visanamu vingi vya michezo hii vina kimo cha karibu milimita 28, maana yake mtu mzima amepunguzwa takriban mara 60. Ukiketi mezani, jicho lako liko kama sentimita 60 kutoka kwa kisanamu. Zidisha kwa 60, unapata mita 36. Kwa hiyo kile unachotaka kuonyesha ni jabali linalotazamwa kutoka mita 36. Nenda Lukenya, kilima cha wapanda miamba kando ya barabara ya Mombasa, usimame umbali huo kutoka kwenye ukuta wa mwamba. Utaona nyufa nyeusi, kingo zilizopauka na mabaka ya rangi. Punje za madini zinazometameta ndani ya jiwe huzioni mpaka ulisogelee.

Kijiwe halisi hakiwezi kuficha punje zake. Sehemu kubwa ya Nairobi imekaa juu ya mawe ya volkano, na baadhi yake, kama fonolaiti ya Kapiti inayopatikana upande wa nyanda za Athi, yana fuwele za madini ya feldispa unazoziona kwa macho matupu. Fuwele ya nusu sentimita ikizidishwa mara 60 inakuwa sentimita 30, urefu wa rula ya mwanafunzi. Jicho halipigi hesabu hiyo, lakini linashtuka. Mawe meupe ya kwatzi ni mabaya zaidi, kwa sababu mwanga hupenya kwenye kipande chembamba na kukifanya kionekane kama kioo, jambo ambalo jabali zima halifanyi. Vijiwe vya mtoni navyo vimelainishwa na maji mpaka vinateleza. Najua miamba mikubwa ya mviringo ipo, aliyefika Mwanza au Kit Mikayi kule Kisumu hahitaji kuambiwa, lakini pitisha kiganja juu yake uone inavyokwaruza.

Umbo, kwa upande mwingine, ni rahisi kudanganya nalo. Wanajiolojia wakipiga picha ya mwamba huweka nyundo au sarafu kando yake, kwa kuwa bila hiyo mtazamaji hawezi kujua kama ni genge la mita kumi au kipande cha kushika mkononi. Mwamba huvunjika kwa namna zinazofanana, uwe mkubwa au mdogo: ngazi ndani ya ngazi, ufa ndani ya ufa. Hapo ndipo mtengenezaji anapopata upenyo. Anachotafuta ni kitu chochote kinachovunjika kama mwamba na kisicho na punje za kumsaliti.

Ganda la msonobari limekaa tabaka juu ya tabaka, na ukilimega kwa vidole linaacha kingo za ngazi ngazi kama mwamba uliopasuka. Kwenye yadi za mbao za Gikomba maganda haya ni takataka. Kwa maoni yangu, hakuna kinacholishinda kwa kitako kidogo, na sioni sababu ya kuagiza nje pakiti ya maganda yaleyale. Yakaushe kwanza juani au kwenye jiko la moto mdogo, maana wadudu hupenda kukaa humo.

Kisha kuna jipsamu. Mafundi wa dari hutupa vipande vyake kila siku katika jiji hili. Bandua karatasi pande zote mbili (ilowanishe kidogo kama ni kaidi), uvunje kwa mikono bila kisu, na pale palipovunjika utapata uso mkavu, wenye makunyanzi, uliopauka. Kinachochekesha ni kwamba jipsamu yenyewe ni jiwe: huchimbwa, husagwa, huchomwa mpaka ipoteze sehemu kubwa ya maji yaliyofungwa ndani yake, halafu ikirudishiwa maji inaganda upya kwa fuwele ndogo mno zisizoonekana. Ni jiwe la kweli linalofanikiwa kwa sababu tu punje zake zimejificha.

Kwa milima na magenge ya kujaza meza, povu la polistairini ndilo jepesi. Lile jeupe linalokinga televisheni ndani ya maboksi, kama yale ya maduka ya Luthuli Avenue, lina vishanga vinavyochomoza unapolikata, kwa hiyo linahitaji kufunikwa kwa plasta. Povu gumu la mabamba, lile la kuzuia joto, halina vishanga. Finyanga mpira wa foili ya jikoni, uugandamize na kuuviringisha juu ya povu hilo, na mikunjo yake itaacha alama zisizo na mpangilio, ndogo ndani ya kubwa, kama za jiwe lililopigwa na mvua. Usilipulizie povu rangi ya kopo kabla ya kulifunika. Kiyeyusho kilichomo kwenye rangi hiyo hula polistairini, na mlima wako utanywea ukiuangalia. Tanguliza gundi nyeupe ya seremala iliyochanganywa na rangi nyeusi ya maji. Na kama unakata povu kwa waya wa moto, fanya hivyo nje, moshi wake si wa kuvuta.

Rangi ndiyo inayomaliza kazi, na sababu yake ni mwanga. Jabali porini lina jua moja, linalotoka juu, hivyo upande mmoja hung'aa na mwingine hubaki gizani. Sebuleni mwanga unatoka kwenye balbu, dirishani na kwenye kuta nyeupe kwa pamoja, na vivuli vya vitu vidogo vinafifia. Fundi hana budi kuvipaka. Hupaka rangi ya giza kwanza, kisha huchovya brashi kwenye rangi nyepesi, akaifuta kwenye kitambaa mpaka ionekane haina kitu, akaipitisha juu juu. Rangi iliyobaki hunasa kwenye kingo zilizoinuka peke yake. Baadaye huja rangi iliyozimuliwa kwa maji mengi na tone la sabuni ya vyombo. Sabuni hupunguza mvutano wa uso wa maji, kwa hiyo rangi haijikusanyi matone juu ya jiwe bali huteremka na kutulia ndani ya nyufa. Wengi huharibu kwenye ile hatua ya brashi iliyofutwa ikawa karibu kavu: wanarudia na kurudia kwa nyeupe tupu mpaka mwamba unafanana na andazi lililomwagiwa sukari ya unga.

Kijivu nacho kina mtego. Nyeusi ikichanganywa na nyeupe huzaa kijivu baridi chenye dalili ya bluu, kisicho na uhai. Ongeza kahawia kidogo. Afadhali zaidi, tazama kuta za jiwe la Ndarugo, lile la kujengea nyumba, zinavyozeeka: juu zina weusi wa ukungu pale maji ya mvua yanapochuruzika, na huko Kinoo na Kikuyu, chini kuna mkanda mwekundu ambapo matone ya mvua hurusha udongo ukutani. Wekundu huo ni oksidi ya chuma. Mkanda huo mdogo kwenye unyayo wa jiwe lako, uliopakwa kwa sifongo, hulifanya likae ardhini badala ya kuonekana limewekwa jana.

Kwa changarawe kati ya mawe, chekecha vumbi la machimbo la kufyatulia matofali. Chembe zake zimetoka kuvunjwa, zina pembe, tofauti na mchanga wa mto uliosuguliwa. Punje ya milimita moja hapo ni jiwe la sentimita 6, la kurusha kwa mkono. Funika pua unapochekecha.

Udongo wenyewe je, nao ni lazima uigizwe? Ule mweusi wa Embakasi na Athi River hauhitaji. Wakati wa kiangazi hupasuka mapande mapande kwa sababu mfinyanzi wake hunywea unapopoteza maji, na upana wa mapande hayo hufuata unene wa tabaka linalokauka: likiwa jembamba, mapande yanakuwa madogo. Paka tope la milimita moja au mbili juu ya kitako, uliache likauke kivulini, na litapasuka lenyewe kwa kipimo kinachomfaa askari wako. Halafu dondoshea gundi nyeupe iliyozimuliwa, tone kwa tone. Usiguse kwa brashi, mapande yataondoka nayo. Vanishi ya mwisho iwe isiyong'aa.