Kijiji cha Sisley Kando ya Mto Seine: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Wengi wanaoitazama picha ya Alfred Sisley ya kijiji kando ya Mto Seine, aliyoichora mwaka 1872 na ambayo sasa imo katika jumba la makumbusho la Hermitage, St Petersburg, hudhani kwamba wanaona mahali pa mbali ambako mji haujafika. Kijiji hicho ni Villeneuve-la-Garenne, kaskazini tu mwa Paris, na jirani yake ni Saint-Denis, mji uliokuwa na viwanda tele. Tangu mwaka 1844 kilikuwa na daraja la kuning'inia, ambalo Sisley alilichora mwaka huohuo wa 1872 katika picha nyingine, iliyoko katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York. Katika picha ya kijiji daraja halimo: utulivu ule aliuchagua mwenyewe.

Dhana iliyoota mizizi zaidi ni kwamba Waimpreshonisti, kundi la wachoraji ambalo Sisley alikuwa mmoja wao, walipaka rangi harakaharaka, bila mpango. Ukiitazama picha hii kwa makini utaona kwamba mchoraji amejiweka kivulini, ng'ambo ya kijiji, na kuisimamisha miti upande huu na upande ule mithili ya miimo ya mlango, ili jicho lipite gizani, livuke maji na kutua kwenye kuta zinazong'aa juani. Ukisogea karibu, kuta hizo zilizoakisiwa ndani ya mto si kuta tena, bali ni mipako mifupi ya rangi iliyolala sambamba na maji. Ukirudi nyuma hatua chache, zinasimama upya, zikitikisika kidogo. Kazi ya ovyo haina nidhamu ya namna hiyo.

Wapo pia wanaodhani kwamba Sisley alianza kwa kujiunga na kundi lililokwisha kupata jina. Jina hilo, Waimpreshonisti, lilienea kutokana na kejeli za mhakiki Louis Leroy katika maonyesho ya mwaka 1874, miaka miwili baada ya picha hii.

Wala hakuwa Mfaransa kwa uraia, ingawa huitwa hivyo mara nyingi. Alizaliwa Paris mwaka 1839 na wazazi Waingereza, akafariki mwaka 1899 akiwa bado raia wa Uingereza.

Na anayedhani kwamba picha zake zilimtajirisha akumbuke kwamba alikufa maskini. Mwaka uliofuata, picha yake ya mafuriko ya Port-Marly iliuzwa kwa faranga 43,000.