Kreti mbili za vyuma zilizokuja na Land Rover

Mwezi uliopita mteja mmoja alileta gerejini kwangu, hapa Unga Limited, Arusha, Land Rover Series IIA aliyoinunua kutoka shamba la kahawa upande wa Usa River, pamoja na kreti mbili za vyuma ambavyo muuzaji alimhakikishia kuwa ni vipuri vya gari hilo hilo. Series IIA ziliundwa kati ya 1961 na 1971, na gari lililozeekea shambani huzungukwa na vipuri vyake, vya trekta, vya pampu ya maji na hata vya magari ya majirani. Kwa hiyo kauli ya muuzaji siichukui kuwa ushahidi wa chochote.

Wengi wanaokutana na kipuri wasichokijua huanza kuisaka namba yake kwenye simu, wakaishia mikono mitupu, kwa sababu namba iliyovimba juu ya chuma cha kusubu mara nyingi ni ya kalibu ambamo chuma kilimiminwa, si ya kipuri chenyewe, na kalibu moja huweza kutoa vipuri ambavyo baadaye huchongwa kwa namna tofauti. Namba ninayoiamini ni ile iliyogongwa kwa muhuri baada ya kazi kukamilika. Kwenye dinamo na distributa za Lucas, kampuni ya Uingereza ya vifaa vya umeme vya magari, kwa mfano, pamoja na namba ya kipuri hugongwa tarehe ya kutengenezwa: 7 65 ni Julai 1965, ilhali 31 68 haiwezi kuwa mwezi, bali ni wiki ya 31 ya mwaka 1968.

Hata hivyo, kabla ya namba yoyote mimi husoma nyuzi za bolti. Bolti ya BSF, kipimo cha zamani cha nyuzi cha Kiingereza, yenye unene wa inchi 5/16 ina nyuzi 22 kwa kila inchi. Ya UNF, kipimo kingine cha inchi, ya unene huo huo ina 24. Na M8 ya milimita, ambayo imezizidi hizo mbili kwa unene usiofika hata sehemu moja ya kumi ya milimita, ina takriban 20. Kwa macho zinafanana kama mapacha. Ukiiweka nati ya M8 kwenye bolti ya UNF itaingia mizunguko michache kisha ikaze, na kijana mwenye spana ndefu na haraka ya kwenda kula ataimalizia kwa nguvu, akiziua nyuzi za pande zote mbili. Kwa kuwa Series IIA ina mchanganyiko wa BSF na UNF, vipuri saba vyenye nyuzi za milimita nilivitenga mapema. Viwili kati yake havikuhitaji hata kipimo, maana simba wa Peugeot alikuwa bado anaonekana.

Kilichobaki kutusumbua ni puli nzito iliyoshikamana na kisanduku cha giya, pamoja na chombo cha ukubwa wa ngumi chenye vyuma viwili vinavyochanua kikizungushwa. Jirani yangu wa gereji aliapa kuwa puli ile ni ya mashine ya kusaga. Hakuwa mbali sana na ukweli, lakini uso wa puli haukuwa na mfereji wa mkanda wa V. Ulikuwa umetuna kidogo katikati, na puli ya namna hiyo ni ya mkanda bapa wa ngozi au turubai, ambao hupanda wenyewe kuelekea penye kipenyo kikubwa na hivyo hautoki pembeni. Ndani ya kisanduku mlikuwa na giya mbili za umbo la koni zinazokutana kwa pembe mraba. Mtu hageuzi mwelekeo wa mzunguko namna hiyo bila sababu, na sababu hapa ni kwamba shafti inatoka nyuma ya gari ikifuata urefu wake, ilhali puli lazima ikae kimkingamo ili mkanda uende moja kwa moja hadi kwenye mashine.

Land Rover ilipozinduliwa mwaka 1948 ilikusudiwa wakulima, na mnunuzi aliweza kuagiza mfumo wa kutoa nguvu ya injini katikati au nyuma ya gari. Chombo kile kidogo nacho kilipata maana yake papo hapo: gari likiwa limesimama na kuzungusha mashine, hakuna mguu kwenye pedali, hivyo mzigo ukipungua na injini ikaanza kukimbia, vyuma vile huchanuka na kulifunga koo la kabureta kiasi.

Tulikwangua matope kwenye boriti ya nyuma ya chesisi, tukakuta tundu la mviringo na matundu ya bolti yanayolingana na kisanduku bila kulazimisha. Meno ya giya yalikuwa yamelika upande mmoja tu, dalili ya miaka mingi ya kuzunguka kuelekea upande uleule. Nadhani puli ile ilikuwa ikiendesha mashine ya kumenyea kahawa. Karibu na kiti cha kati kuna wenzo mdogo wa kuunganisha mfumo huo wa kutoa nguvu, ambao fundi wa awali alimwambia mteja kuwa hauna kazi, akaufunga kwa waya. Waya nimeukata, mkanda wa turubai bado tunautafuta.