Tazama mkia kwanza kabla hujamrushia jiwe

Simu nyingi tunazopigiwa hapa kitengo cha ndege zaanza vile vile, "kuna mwewe ametua kwenye mwembe wangu, atanimalizia vifaranga", na mtu akituma picha kwa wasapu unakuta mara ni mwewe kweli, mara ni kipanga anayetafuta mijusi, mara ni ndege mwengine kabisa. Huku pwani tumezoea, kila mwenye mdomo wa kupinda na kucha kali ni mwewe, basi. Nami inaniuma kwa sababu wengine wanapigwa mawe kwa makosa ya mwenzao.

Rangi iweke kando kwanza. Makinda wa hawa ndege wengi ni wa kahawia wenye madoadoa, hawafanani na wazazi wao, halafu ndege akiwa juu na jua la saa sita liko nyuma yake hata mweupe utamwona mweusi. Ukubwa nao wadanganya, jike huwa mkubwa kuliko dume. Tazama mkia.

Mwewe mwenyewe, yule anayezunguka soko la Kongowea hapa Mombasa na pale wanapopaa samaki, mkia wake una panda mwishoni, kama wa nguru ila haukuchanika sana. Akielea anaupindapinda huku na huku kama usukani, mbawa hata hazipigi. Lakini akiufungua wote ile panda inapotea, kwa hivyo usimtazame mara moja ukaingia ndani, ngoja akate kona. Mkubwa ana mdomo wa njano, kinda mdomo wake mweusi. Huyu anabeba kifaranga kweli, sikatai, tena akipita tu bila kutua, ingawa siku nyingi anakula mabaki, kumbikumbi na panya waliokufa, ndio maana sumu ya panya inamuua na yeye.

Kipanga ukubwa wake ni kama wa njiwa hivi. Mgongo kijivu, kifuani mistari myembamba ya hudhurungi imekatiza, mbawa fupi za mviringo, na dume aliyekomaa ana macho mekundu. Haelei sana, anajificha ndani ya mwarobaini ametulia kisha anashuka ghafla. Kifaranga mchanga anaweza kumchukua, ila chakula chake hasa ni mijusi, panzi na ndege wadogo. Yuko mwengine mnene kidogo, anapenda kukaa juu ya nguzo ya stima, koo jeupe lenye mstari mmoja mweusi katikati na mkia mweusi wenye ukanda mweupe, huyo naye ni mla mijusi.

Sasa kuna mmoja ambaye nikimwona huwa nasimama, hata kama nimechelewa kazini. Ni mkubwa, kijivu, uso hauna manyoya, ni ngozi tupu ya njano na akihamaki inageuka nyekundu! Mkia mweusi una ukanda mmoja mpana mweupe. Utamwona ananing'inia mnazini anapigapiga mbawa, utadhani amenaswa, kumbe anapekua makuti na viota vya mnana akitafuta mayai na makinda. Miguu yake mirefu inapinda mbele na nyuma, kwa hivyo anaingiza kucha hata kwenye tundu la mti akatoa kilichomo.

Kunguru wakilia wote kwa pamoja juu ya mti mmoja toka nje haraka, mara nyingi kuna mmoja wa hawa wanamfukuza. Piga video kutoka chini, ya simu yatosha, upate mkia ukiwa umekunjwa na ukiwa wazi. Ukimkuta ameumia mfunike na kitambaa, mweke ndani ya boksi lenye matundu halafu waite KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, maji usimlazimishe kunywa.

Na vifaranga wako, zile wiki za kwanza wafungie chini ya tenga, au omba kipande cha wavu mkuukuu kwa wavuvi uutandaze juu ya ua, uukaze vizuri usilegee, ndege asije akajinasa.